Dogo "asiyejua kusoma": uchambuzi wa kisa kimoja cha darasa la pili Mbagala

Kisa kilinifikia kama barua fupi ya kuandikwa kwa mkono, chini ina muhuri wa shule. Mwanafunzi wa darasa la pili, miaka tisa, ana mtindio wa ubongo, hajui kusoma wala kuandika, ameshakariri darasa, tunaomba ahamishiwe shule yenye kitengo cha ulemavu wa akili. Basi. Mtindio wa ubongo hapa ni ule unaovuruga mjongeo wa mwili (cerebral palsy), siyo akili pungufu. Shule ni ya serikali, ipo Mbagala, jina naliweka pembeni na la mtoto pia, hapa nitamwita Dogo maana ndo wenzake wanavyomwita. Mimi ni mwalimu wa elimu maalum, nazunguka shule za jirani kuwasaidia walimu wa madarasa ya kawaida, na barua za namna hii zipo nyingi, ila hii nimeona niichambue mwanzo mwisho kwa sababu walimu wananiuliza sana "sasa huyu mwenye ulemavu wa viungo unamfundishaje kusoma" afu wanategemea nitaje kifaa.

Tuanze na darasa lenyewe. Mkondo una watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja, Madam ambaye kwa kweli ni mchapakazi, anafundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) tangu mtaala ule ulivyoanza 2015 na watoto wake huwa wanatoka wanasoma. Dogo anakaa nyuma karibu na mlango kwenye kitimwendo cha msaada, cha saizi ya mtu mzima, miguu inaning'inia, mwili umeteremka, kichwa kimelalia upande. Mikono haitulii, akitaka kitu mkono unapaa, unajikunja, unarudi nyuma ya kiti. Maneno yake wanayaelewa mama yake na dada yake tu. Na darasani kusoma ni kwa kuitikia, Madam anagonga ubao, darasa zima "baaa, beee, biii", sauti ya Dogo inatoka wenzake wameshafika "bu", wanacheka, ananyamaza. Ikija siku ya kupimwa mtoto anaambiwa asome kwa sauti huku dakika inahesabiwa, halafu aandike imla. Mdomo wa Dogo hauwezi na mkono wake hauwezi, kwa hiyo fomu imejaa sifuri juu mpaka chini. Hamna aliyedanganya hapo. Ila zile sifuri ni za mdomo na mkono, kusoma kwenyewe hakuna aliyekugusa.

Na msiseme walimu hawakupata mafunzo, walipata. Ilifanyika semina ya elimu jumuishi, projekta ikawashwa, zikatajwa aina za ulemavu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia 2009, mwisho picha ya pamoja na soda. Madam alinionyesha daftari lake la semina, mwandiko safi kabisa: mwanafunzi mwenye ulemavu wa viungo ajengewe njia ya mteremko, akae mbele, apewe upendo. Kuhusu kusoma na kuandika hamna hata sentensi moja. Na hili siyo kosa la mwezeshaji peke yake, hata sisi tuliosomea fani hii, kwa miaka mingi mkazo umekuwa kwa wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili. Mwenye ulemavu wa viungo akachukuliwa kama mtu wa wilichea na mteremko, kwamba akishavuka kizingiti cha mlango kazi imekwisha.

Mama yake anauza mihogo ya kukaanga jioni. Alipoitwa shuleni alisema kitu kimoja tu kwa ukali kidogo, "mwalimu, huyu anasoma magari". Kwamba wakiwa kituoni Rangi Tatu, mama akitaka kupanda daladala ambayo siyo, Dogo anapiga kelele mpaka abiria wanageuka. Walimu wawili watatu walitabasamu lile tabasamu la kumhurumia mzazi. Mimi sikuchukulia kama ushahidi, nasema ukweli, daladala za Dar zina mistari ya rangi kwa ruti na konda anaita mwisho wa safari kwa sauti, mtoto yeyote mwenye macho na masikio anaweza kujua gari bila kusoma herufi. Lakini mzazi akikupa habari mahsusi kiasi hicho unaipokea na unaipima, hutabasamu.

Kabla ya kupima chochote tulirekebisha kukaa. Hapa ndo walimu wengi wanaona nachelewesha, wanataka kadi za silabi zitoke fasta. Lakini mtoto ambaye nyonga zinateleza anatumia nguvu zake zote asianguke, akili ipo huko, na kichwa kikiyumba macho hayatulii kwenye neno. Vikawekwa vipande vya godoro pembeni kulia na kushoto, khanga ikafungwa chini kwenye nyonga (siyo kifuani, ukifunga kifuani unamkaba na bado anateleza), chini ya miguu kreti la soda lililoombwa kwa mama wa kantini. Fundi mmoja wa Keko akachonga kimeza cha kuchomeka juu ya mikono ya kiti, chenye mwinamo ili kitabu kisimame badala ya kulala. Aliyelipwa ni fundi tu, vingine vya kuokota. Kichwa kilikaa katikati siku hiyo hiyo. Madam akasema "mbona leo kama ananiangalia", nikamwambia siku zote alikuwa anataka kukuangalia.

Ikaja ishu ya kujibu, na hapa ndo kiini cha kisa chote. Madam alishasikia mahali kwamba mtoto asiyeongea unamwambia "kama ni ndiyo, angalia juu". Alishajaribu zamani, tena kwa nia njema, akamuuliza maswali ya wazi kabisa, wewe ni mvulana, huyu ni dada yako, na Dogo macho hayakwenda juu hata mara moja. Ndo likazaliwa lile neno la kwenye barua, ulemavu wa akili.

Nikamuomba mama anihadithie Dogo alivyozaliwa. Alizaliwa vizuri, akalia, siku za mwanzo tu akawa wa njano mpaka weupe wa macho. Mtaani wakashauriwa wamuanike juani asubuhi. Akaacha kunyonya, akawa analia kilio chembamba, mgongo unajipinda kwa nyuma, walivyofika hospitali mambo yameshaharibika. Historia hii ni ya kidaktari lakini mwalimu anaihitaji kuliko anavyodhani. Bilirubini ikizidi sana kwenye damu ya mtoto mchanga inaingia kwenye ubongo, na ina sehemu zake inazoziumiza zaidi: zile za ndani zinazoratibu mjongeo, ndo maana mikono haitulii, njia za kusikia, na uwezo wa kupeleka macho juu. Akili mara nyingi inabaki. Sasa rudi kwenye lile swali. Mtoto aliambiwa ajibu kwa kitendo ambacho macho yake hayakiwezi, akashindwa, akaandikiwa hana akili. Angeulizwa vilevile mpaka darasa la saba majibu yangekuwa yaleyale.

Tulibadilisha, ndiyo ikawa kuangalia kadi ya kijani upande wa kulia, hapana kadi nyekundu kushoto. Tukaanza na maswali ya kipuuzi ili tujue njia inafanya kazi kabla hatujauliza cha maana. "Mimi ni mama yako?" Akacheka mpaka mwili mzima ukatikisika, macho yakaenda nyekundu. "Mama yako anauza mihogo?" Kijani, tena kwa mbwembwe.

Kifaa cha kupimia kusoma tulitengeneza mezani kwa walimu: fremu ya mbao, imebandikwa ile nailoni angavu ya kufunikia madaftari, kila kona kadi moja, na katikati tundu ambalo mwalimu anachungulia macho ya mtoto kutokea upande wa pili. Ukitaja neno, Dogo anaangalia kona yenye neno hilo, na wewe uliyekaa mbele yake unaona wazi ameangalia wapi. Nikaandika majina ya ruti kwa maka peni nyeusi kwenye manila nyeupe, hamna rangi, hamna konda: Mbagala, Makumbusho, Kariakoo, Kivukoni. Makusudi mawili yanaanza na M na mawili yanaanza na K, ili asiokoe kwa herufi ya kwanza. Tukawa tunabadilisha kona kila mara. Kwa kubahatisha angepata moja kati ya nne. Alikosa mbili tu katika zote tulizomuuliza. Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni, hakusema kitu, alivuta kiti akakaa.

Sasa msifikiri nawaletea hadithi ya muujiza, maana hapa ndo uchambuzi unapokuwa mgumu kidogo. Kwenye maneno anayoyaona kila siku Dogo alikuwa moto. Kwenye maneno ambayo hajawahi kuyaona alipotea. Ukimuwekea bakuli, bakora, bahari na baiskeli anajua zote zinaanza na "ba" lakini baada ya hapo anabahatisha. Silabi mwambatano, zile za konsonanti zilizoungana kama nd, mb, sh, ng', ndo kabisa. Yaani alikuwa anakamata maneno kwa sura, hajui kuyavunja. Na inaeleweka, mtoto anajifunza kuvunja neno kwa kulitamka na kuliandika, anakosea, anasahihishwa, anarudia, na Dogo milango yote miwili ilikuwa imefungwa kwake. Hakuwa mtoto anayejua kila kitu aliyefichwa, alikuwa mtoto mwenye akili yake ambaye hajafundishwa.

Kingine, alikuwa anachanganya s na sh, f na th. Kwa historia ile ya manjano nikaomba apimwe masikio kwanza kabla hatujalaumu ufundishaji. Kipimo kikaonyesha anasikia lakini siyo vizuri, hasa sauti nyembamba za juu. Dirisha alilokuwa anakaa nalo jirani linaangalia barabarani, bodaboda na magari ya mchanga kutwa nzima. Akahamishwa mbele upande wa ukuta. Hiyo "akae mbele" ya kwenye daftari la semina ilikuwa sahihi kumbe, ila hakuna aliyeelezwa kwa nini, na ushauri usio na sababu ukigongana na kitimwendo kisichopita kati ya madawati, ushauri unashindwa.

Mafunzo ya walimu tuliyafanyia palepale shuleni. Kwenye MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) walimu wanatakiwa wakutane kwenye jumuiya yao ya kujifunza, tukachukua vipindi hivyo badala ya kuitisha semina nyingine. Sikuwaambia wafungwe mikono waone ulemavu unavyokuwa, mchezo huo siupendi, mtu anatoka pale na huruma zaidi na ujuzi uleule. Niliwakalisha wawili wawili, mmoja haruhusiwi kuongea wala kunyanyua mkono, anajibu kwa macho tu, na mwenzake ajue amekula nini jana usiku. Ujuzi unaofanyiwa mazoezi ni wa yule anayeuliza. Na walifeli vibaya mwanzoni, tena mambo mawili yaleyale kila jozi.

La kwanza ni kusubiri. Mwalimu anauliza, sekunde mbili kimya, anarudia swali, anaongeza sauti, anaongeza "jikaze basi". Kwa mtoto kama Dogo kila ukimwambia ajikaze mwili unajikunja zaidi, macho yanaruka, ndo unamchelewesha. Sheria tuliyoweka ni uliza mara moja, hesabu kumi kimoyomoyo, ufunge mdomo. Jaribu hiyo mbele ya watoto mia wa Mbagala ndo utajua sekunde kumi ni ndefu kiasi gani.

La pili ni kummalizia. Anachagua "ma", mwalimu ameshadakia "mama! ee, mama!" anaandika. Mtoto mpole anakubali, atafanyaje sasa. Kwa hiyo sheria ya pili, andika alichochagua yeye, kama kilivyo, na makosa yake.

Sheria hiyo iliokoa jahazi siku moja, ngoja niwape. Kwa kuandika Madam alikuwa ametengeneza ubao wa silabi, na Kiswahili hapa kinatubeba sana kwa sababu silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu. Msaidizi anapitisha kidole kwenye mistari ya konsonanti, mstari huu? huu? macho yakienda kijani anaingia ndani, b? d? g? halafu irabu tano. Silabi nzima imepatikana kwa hatua chache, huhitaji kupita alfabeti yote kila herufi. Kuna na nafasi ya "bila irabu", maana usipoiweka hutaandika mtoto wala mti. Basi siku hiyo Dogo akaomba ubao mwenyewe, katikati ya hesabu, akaandika "koo". Madam akamuonea huruma, koo linauma, pole mwanangu, akamnywesha maji. Dogo kelele. Akaongezewa maji. Mpaka dada yake alipoitwa kutoka darasa la tano, akamtazama mara moja tu, "anataka chooni huyo".

Ubao haukuwa na ch. Alitafuta, hakuikuta, akachukua aliyoiona jirani. Kama msaidizi angerekebisha kwa kukisia, au angeona "koo" halina maana akafuta, tusingejua kama ubao una pengo na tusingejua kama Dogo ameshaanza kuvunja maneno kwa sauti, maana mtu anayekumbuka sura tu hawezi kukosea kwa namna ile. Kesho yake ubao ulikuwa na ch, sh, nd, mb, ny, ng' na dh, na steshenari ya jirani ikaupiga leminesheni. Na picha ya choo ikabandikwa kwenye kona ya kimeza, maana kuna mambo hayasubiri silabi.

Kulikuwa na mabishano kuhusu penseli, tena makali. Mwalimu mmoja mkongwe alikuwa anamshika Dogo mkono wanaandika pamoja, kurasa nzima, na daftari linapendeza kweli. Hoja yake ni kwamba tukiacha penseli mtoto atabaki tegemezi. Mimi nilimuomba aangalie mtoto badala ya daftari: jasho, meno yamekazana, macho yapo dirishani. Mwandiko ule ni wa mwalimu. Mazoezi ya mkono yana mahali pake, ni kazi ya mtaalamu wa mazoezi na yana faida zake, lakini mtoto akisubiri mkono ukubali ndo aanze kujifunza kuandika sentensi, atasubiri mpaka lini? Tableti pia ililetwa na mjomba. Kidole kinagusa vitatu kwa mpigo, betri inaisha saa nne, ikarudi nyumbani kuangalia katuni, siyo mbaya.

Mwalimu mmoja na watoto zaidi ya mia hawezi kushika ubao wa silabi kutwa, hilo lazima tuwe wakweli. Aliyefanya jambo hili liwezekane ni wenzake wa dawati moja. Wawili walifundishwa, na wanasubiri kuliko walimu, hawana haraka na silabasi. Kasoro ipo, mmoja alikuwa anapitisha kidole haraka na kusimama kwenye jibu analolitaka yeye, kwa hiyo maswali ya kupima Madam anauliza mwenyewe kwa fremu. Faida ambayo sikuitegemea ni kwamba huyohuyo mjanja naye alikuwa anasuasua kusoma, na kupitisha kidole kwenye silabi kila siku kulimnyoosha.

Ombi la kuhamisha mkuu wa shule alilifuta mwenyewe. Sisemi kitengoni ni kubaya, wapo watoto ndo mahali pao sahihi, ila huyu angepelekwa kwa sababu ya swali lililoulizwa kombo. Kwenye fomu ya KKK hamna chumba cha mtoto anayesoma kwa macho, kwa hiyo Madam anaambatanisha karatasi: badala ya kusoma kwa sauti anachagua picha inayolingana na sentensi, kati ya nne, na badala ya maneno kwa dakika anaandika maneno mangapi kati ya mangapi. Afisa elimu kata aliuliza maswali mengi, akaipokea.

Halafu Madam akapata uhamisho. Hii ndo sababu nasema ukifundisha mwalimu mmoja hujafundisha shule. Bahati vile vipindi vya jumuiya vilikuwa vya wote, na ndani ya kimeza imebandikwa karatasi moja: khanga kwenye nyonga, kreti miguuni, kulia ndiyo kushoto hapana, USIMWAMBIE AANGALIE JUU, hesabu kumi, andika alichochagua. Mwalimu mpya wa darasa la tatu alianza nayo siku ya kwanza, akakosea kufunga khanga, wenzake Dogo wakamrekebisha.

Kinachotuumiza kichwa saivi ni upimaji wa darasa la nne. Baraza la Mitihani huwa linawaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalum dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Kwa mtoto ambaye neno moja la silabi tatu linaweza kumla dakika nzima, dakika kumi ni sentensi chache tu. Maswali ya kuchagua hayana shida, kona nne za fremu zinatosha, na sasa hivi tunamzoesha hayo. Ya kujaza na insha ndo mtihani. Mkuu ameshaandika barua kueleza mahitaji yake mapema na kuomba mwandishi, na tunachobishana ndani ya barua ni mwandishi awe nani, kwa sababu dada yake haruhusiwi, na mgeni akija hajui kwamba lazima ahesabu kumi.